Nani Anavujisha Siri za Ngome?

"Basi niambie ni nani, wifi, kama si wewe," Mkasi alisema, na hakupunguza sauti ingawa mlango wa studio ulikuwa wazi.

Wifi yake alikuwa ameshajibu mara tatu kwamba hajui. Kila Alhamisi redioni, katika tamthilia ya Ngome ya Majivu, alikuwa malkia anayewatoa watu kafara kwa mizimu bila kupepesa jicho. Sasa alikuwa akijifuta pua kwa kiganja.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Jumatatu mtunzi alileta sehemu ya arobaini: mkunga wa kasri anakiri kwamba aliwabadilisha watoto wawili siku walipozaliwa, na yule mtoto wa adui ambaye malkia alimtupa shimoni kwa mizimu, kumbe ni mwanawe wa kumzaa. Fundi mitambo aliposoma, aliweka karatasi chini akatoka kupunga hewa. Kisha akarudi na kusema jambo la kutisha zaidi. Mkewe alikuwa ameshamsimulia hayo yote Jumamosi, siku mbili kabla karatasi haijafika studio, mpaka kovu linalomtambulisha mtoto.

Ilikuwa mara ya tatu siri kuvuja. Asubuhi wenye kituo walimpigia Mkasi simu: mvujishaji apatikane leo na afukuzwe leo, la sivyo tamthilia inafungwa na watu kumi na mmoja watafute kazi kwingine.

Na Mkasi, mwongozaji wa tamthilia, hakuwa mzembe. Jina hilo alilipata kwa kuukata kila mswada vipande vipande, ili kila mwigizaji apewe maneno yake tu. Mtu aliweza kuuawa na asijue kauawa na nani mpaka siku ya kurekodi. Kama siri ilitoka kabla ya kupita kwenye mkasi wake, basi ilitoka nyumbani kwa mtunzi. Mtunzi alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Aliyekaa naye nyumba moja ni mkewe, huyu hapa.

"Unalala na mtunzi," alimwambia.

"Nalala naye, wifi. Silali na daftari lake. Na siku hizi wala haandikii nyumbani. Anasema kuta zinambana, anatoka kutafuta upepo."

Mkasi akamwambia hayo akawaeleze wasiojua mawifi. Akampigia simu mdogo wake palepale, sauti ikiwa juu. Alitegemea atamtetea mkewe, hata kwa uongo. Mdogo wake akasema kazi ni kazi, dada afanye anavyoona inafaa. Kuhusu sehemu ya arobaini na moja, aliapa hajaandika hata mstari mmoja. Avumiliwe mpaka kesho.

Wifi alisikia kila neno. Hakulia tena. Alianza kukusanya vitu vyake: kikombe, kanga ya kujifunika studio ikipoa, miwani ya kusomea. Hilo lilimchoma Mkasi. Alikuwa amelea watoto wanne, na alijua aliyeiba sukari anavyosimama. Huyu hakusimama hivyo.

Akamwambia akae, asiongee na mtu. Yeye akavuka barabara kwenda kwenye saluni anakosukwa mke wa fundi kila Jumamosi.

Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, huku msusi, kule kinyozi. Hakuna aliyemtambua, watu wa redio hawana sura. Aliomba mistari ya kawaida, akakaa, na baada ya mstari wa tatu akauliza, kama mtu asiye na haja, iwapo kuna anayefuatilia Ngome.

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akamwambia amefika penyewe, hapa husikia ya wiki ijayo.

Msusi alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, na alipotamka neno malkia, chumba kizima kilitulia. Wiki ijayo, alisema, malkia anashuka shimoni mwenyewe kumtafuta mwanawe. Anamkuta. Yu hai. Lakini amelelewa na mizimu, na neno mama halijui.

Mkasi akapiga hesabu. Kwa hiyo sehemu ya arobaini na moja ilikuwa imeandikwa, tena ilikuwa imeshafika saluni. Mdogo wake alimdanganya kumfichia mkewe, na yeye alikuwa karibu kumwonea huruma mwanamke yule. Mara hii angemfukuza bila hata kumwangalia usoni.

"Halafu?" aliuliza, kwa sauti tamu.

"Halafu mtoto anamuua mama yake. Kwa moto." Kitana kikasimama hewani. "Hapana, jemadari nilishamchoma. Huyu afe kwa maji."

Nyuma ya pazia mwanamume akakohoa.

"Maji ya kisima, dada," aliuliza, "au ya mto?"

Mkasi aliijua sauti hiyo tangu ilipokuwa ikililia uji. Aliinuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akavuta pazia. Kinyozi alikuwa amesinzia pembeni. Mdogo wake alikuwa kwenye kiti cha wateja, daftari magotini, kalamu tayari.

Alimnyang'anya daftari na kalamu, akavitia mkononi mwa msusi, akamshika msusi huyo kiwiko, wakavuka barabara wawili.

"Rudisha vitu vyako, wifi," alisema mlangoni. "Nimemleta mtunzi."