Gamba la Mheshimiwa

"Usichimbue, baba! Mama alikataza!"

Rwehumbiza akautoa mkono mchangani haraka, kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Loo, mtu mzima na ndevu zake, anakaripiwa na binti wa darasa la pili! Na binti alikuwa na haki.

Ndani ya tangi la kioo, pale sebuleni kwao Kiseke, aliishi Mheshimiwa, kaa mdogo wa pwani anayetembea na nyumba yake mgongoni. Nyumba yenyewe ni gamba la konokono, na kaa hawa huhamia jingine wakiliona zuri zaidi. Hili Justa, mkewe na mama wa binti huyo, Kokugonza, alilipamba kwa nukta nyekundu za rangi ya kucha. Sasa Justa alikuwa Dar, hospitalini, akisubiri kupasuliwa moyo. Na Mheshimiwa alijifukia mchangani wiki ileile aliyoondoka.

"Anajivua ngozi, Baba Koku," Justa alieleza kwa simu, akihema. "Huko chini analainika kama ugali wa moto, hata sisimizi anammaliza. Mwacheni tu, atapanda mwenyewe."

Kokugonza akalipokea hilo kwa namna yake. "Mheshimiwa akitoka, na mama anatoka hospitali." Baba mtu hakuwa na ubavu wa kumbishia.

Basi kazi yake ikawa usafi. Alifuta ukungu kwenye kioo, akaokota vipande vya papai vilivyoanza kuoza, akaunyunyizia mchanga maji usikauke, akabadilisha maji ya chumvi kwenye kisosi. Maji ya bomba aliyalaza kwanza, dawa ya klorini ipungue. Mkewe anateseka huko, yeye huku anasugua kioo! Alijiona bure kabisa.

Na kila asubuhi papai alilikuta vilevile. Rwehumbiza alifuga perege kwenye vizimba ziwani, na jambo moja alikuwa na uhakika nalo: perege wa peke yake hali. Mtie mwenzake, uone. Akampigia rafiki yake Obedi, dereva wa lori la Tanga, naye akamletea kaa mwingine ndani ya kopo la siagi. Maskini, gamba lake lilikuwa na ufa mkubwa.

"Mbona gando lake ni moja?" Kokugonza akauliza.

"Lingine limekatika. Haidhuru, mama. Muhimu Mheshimiwa apate mwenza."

Mgeni akazunguka tangi zima, akapapasa kila kona. Halafu naye akachimba, akazama. Rwehumbiza akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke. Haya, wakazoeane huko.

Siku ya upasuaji ilimkuta na kitambaa chake mkononi, anafuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Simu ilikuwa kimya tangu alfajiri. Mara mchanga ukatikisika. Ukainuka mgongo wa gamba, nukta nyekundu zote zikaonekana.

"Mheshimiwa! Baba, Mheshimiwa ametoka! Mama anapona!"

Kokugonza aliruka, akapiga vigelegele, akaikwapua simu ili ampigie shangazi yake aliyekuwa akimuuguza mama kule hospitalini. Rwehumbiza akapiga magoti mbele ya tangi, akamshukuru Mungu kwa sauti, machozi yakimtiririka hadharani.

Gamba likageuka taratibu, likamwelekea.

Gando lilikuwa moja.