Goti la Ayuma

Siku hizi kila mchezaji wa hoki ana shabiki mmoja anayeyasikia maumivu badala yake. Pale Kakamega, mji wa mvua ambako huaniki nguo zikakauka, Mmbone aliomba miaka mingi mpaka akapewa maumivu ya Ayuma, mshambuliaji wa timu yao.

Mumewe, Lumbasi, alimvulia kofia. Gongo likimpiga Ayuma kwenye muundi, Mmbone ndiye aliyeuma meno sebuleni, skafu ya timu shingoni. Ayuma mwenyewe alizidi kuchanja mbuga. Majirani walimletea Mmbone chai ya tangawizi na kumpongeza kama mzazi wa bingwa.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha mechi nzima. Ayuma aliteleza, akaanguka. Nyumbani, Mmbone alipiga yowe akashika goti.

“Limevunjika, baba watoto!”

“Pole, mama. Jikaze, mechi inakaribia kwisha.”

“Langu ni zima! Ni la Ayuma, na mwenyewe hajui!”

Lumbasi akageukia runinga. Ayuma alikwisha kuinuka. Alikuwa akicheka, akiukimbilia mpira kwa mguu uliokwenda upande, na uwanja mzima ukimshangilia.