Bahasha ya Ndani

Kila mwaka mtaa wetu hupiga kura kwa posta kuchagua mzee mmoja wa kukatiwa dawa, asipewe tena. Mwaka huu tulikuwa wawili kwenye karatasi, mimi na jirani yetu, Mzee Kibwana.

Mjukuu wangu Saumu aliniwekea mto mgongoni, kisha akanipa bahasha yake.

"Bibi, tia kidole gumba hapa. Wewe ndiye shahidi wangu."

"Mbona nyepesi hivi, mke mwenzangu?"

Nikaichungulia. Alikuwa amesahau bahasha ya ndani, ile ya siri. Karatasi ilikuwa wazi, na alama ilikuwa kwenye jina langu.

Saumu akainamisha macho. "Mzee Kibwana hunishikia mtoto nikienda kazini, bibi. Wewe mikono yako inatetemeka."

"Kweli, mwanangu. Anampenda sana yule mtoto."

Bila bahasha ya ndani kura huharibika. Ningenyamaza tu, ingetupwa.

"Kalete ile ndogo," nikamwambia.

Nikaikunja karatasi mwenyewe, nikafunga bahasha zote mbili, nikatia kidole.

"Ahsante, bibi! Ningeiharibu."

Alipotoka kwenda posta aliurudisha mlango taratibu, asije akanishtua.