Jicho la Mdiria

Wageni walimpongeza Mwalimu Ouyang kwa mchoro wa ndege mdiria aliyetua juu ya yungiyungi. Kila unyoya nimeuchora mimi, siku arobaini nimeinamia hariri. Yeye hupiga tu muhuri wake mwekundu, mchoro ukawa wake, mwaka wa kumi na tisa huu.

"Mbona hana jicho?" mgeni mmoja akauliza.

"Jicho huwa la mwisho. Kazi ndogo hiyo, msichana wangu atamalizia."

Msichana, na miaka hamsini yangu.

Nikachovya brashi kwenye wino, nikamkabidhi mbele yao wote.

"Mchoro si wako, Mwalimu? Basi mpe jicho mwenyewe. Ila hariri haifutiki."

Akaipokea. Wageni wakasogea karibu. Tone likavimba kwenye ncha ya brashi, naye akageuka kunitazama mimi, brashi bado hewani.