Kikombe cha Vidole Vinne

Nilipokitoa kikombe kwenye tanuri nilitamani kukibamiza chini. Rangi ya kijani niliyokipaka iling'aa kama kioo, lakini kishikio kilikuwa kimesinyaa. Kila Jumamosi nafinyanga, kujifurahisha tu, na bado, mjinga mimi, nilisahau kwamba udongo ukichomwa hunywea.

Kishikio hicho nilikipimia vidole vya baba mwezi wa Ramadhani, kabla hajalazwa. Vidole vya kuli wa bandarini. Havijawahi kuingia kwenye kishikio cha kikombe chochote cha dukani.

Nikampelekea hivyo hivyo chumbani kwake, Msimbazi, alikorudi baada ya kutoka hospitali.

"Baba, usinicheke. Nimekosea kipimo. Nitakufinyangia kingine."

Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto. Akaingiza vidole kwenye kishikio, kimoja kimoja, mpaka vyote vinne vikapita. Akavichezesha humo ndani, na nafasi ikabaki.

"Umekosea wapi, Shamsa?" akasema, uso umemkunjuka kwa furaha. "Mbona kimenienea?"

Nikainamia birika ili asinione macho. Nikammiminia chai nusu kikombe tu, aweze kukiinua.