Somo la Kukana

"Usiniite mama," alisema mwanamke, macho kwenye gauni dogo la njano alilokuwa akilishonea mfuko. "Niite fundi."

Mwalimu akaomba radhi. Alikuwa ametoka chuoni juzijuzi tu, akajitolea kufundisha Kiingereza katika kituo cha waomba hifadhi. Wengine walitaka salamu na kuhesabu. Fundi alitaka kitu kimoja: kukana.

"Ijumaa nahojiwa, mwalimu. Nifundishe kusema hapana waniamini."

"Kanusho moja linatosha. Ukishasema *never*, usiongeze *not*. Yakiwa mawili yanauana."

"Makubwa! Mimi nikikana, nakana mpaka jasho linitoke."

Na kweli aliyarundika makanusho. Basi mwalimu akambunia mbinu: akifika kwenye neno la kukana, agonge meza kwa kidole, mara moja. Akishagonga, asikane tena.

Aligonga siku tisa. Afisa wa mahojiano alichungulia mlangoni, akatania, "Humu mnafundisha lugha au mnapiga ngoma?"

Kila somo likiisha, fundi alikimbilia bweni la watoto. "Nawapima nguo," alisema. "Na huko huko narudia somo."

Alhamisi mwalimu alimwonya: "Kesho usigonge. Mikono iwe mapajani."

"Nimesikia, mwanangu." Akajisahihisha upesi. "Mwalimu."

Ijumaa mwalimu aliruhusiwa kuketi kando, roho juu. Fundi angejitetea, angebaki. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Afisa alifungua faili. "Ombi lako limeshakataliwa, na wewe unajua. Jumatatu unarudishwa. Nimekuitia jambo jingine."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia msichana wa miaka sita hivi, akasimama mbele ya meza. Gauni lake lilikuwa la njano, lenye mfuko.

"Huyu anasema alifika peke yake," afisa alisema. "Asiye na mzazi hapa tunambakiza. Mwenye mama huondoka na mama yake, hata kama huko waendako kunawaka moto. Unamjua?"

Fundi alimtazama mtoto kama mtu anavyotazama ukuta.

"Sijapata kumwona," alijibu kwa Kiingereza kisicho na doa. Kanusho moja. Mikono mapajani.

Afisa akaandika, akamgeukia mtoto. "Na wewe, unamjua mama huyu?"

"Sijapata kumwona," mtoto alisema, kwa Kiingereza kilekile.

Kidole chake kikagonga meza, mara moja.

Afisa akaacha kuandika.