Chaki ya Sajini

“Bi Zawena, sema basi breki zilikataa.”

“Sisingizii pikapu yangu, afande. Breki ni nzima. Nimeligonga lori lile kwa kusudi.”

“Kwa kusudi? Basi leseni naichukua.”

“Chukua! Lori linateremka mlima peke yake, dereva wake yuko hotelini anakunywa chai. Ulitaka nilipigie honi?”

Watu wakacheka. Sajini Mwanahawa hakucheka. Alitia leseni mfukoni, akapiga magoti na kuchora chaki kuzunguka magurudumu ya lori, kama afanyavyo kwenye kila ajali. Kisha akavuta mstari kuelekea lori lilikokuwa likienda. Chaki ikavuka barabara, ikapanda kibaraza cha kliniki, ikakoma miguuni pa kina mama waliopanga foleni kupima watoto uzito. Mtoto mmoja akampokonya ile chaki.

Sajini akainuka, akarudi mbio hadi kwa Bi Zawena na kumtia leseni mkononi.

“Wewe wa chai!” akapaza sauti kuelekea hotelini. “Njoo na yako!”

Kina mama wakapiga vigelegele. Kule kibarazani, mtoto alikuwa ameshaanza kuchora ukutani.